Umeng'oa bodi ya kichwa cha treni ya mfano, sasa kinasumbua: tafuta kosa kwa dalili

Vichwa vingi vya treni za mfano vinavyofika kwenye meza ya fundi hapa Dodoma vimetoka mbali. Vingine vimekuja ndani ya mizigo ya mitumba ya midoli, vingine vimeletwa na ndugu aliyekuwa akisoma Ujerumani au Uingereza. Ndani kuna bodi ya dijitali inayopokea amri za mwendo, taa na honi, lakini mtambo wa kutuma amri hizo haukuja nacho. Au bodi imeshaungua kwa sababu mtu alichomeka adapta yoyote aliyoikuta nyumbani ili aone kama treni inatembea. Mwenye treni akichoka huamua ang'oe bodi, mota ipate umeme moja kwa moja kutoka relini, na mwendo udhibitiwe kwa voliumu moja na swichi ya mbele na nyuma. Ni uamuzi mzuri na mimi huwa namuunga mkono.

Kazi yenyewe ni nyaya nne tu. Lawama huanza baadaye, na zinafanana sana. Nimezipanga hapa kama watu wanavyozisema, na chini ya kila moja nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi. Usiruke hatua ya kwanza kwa kuiona ya kitoto. Vumbi letu la kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, limesimamisha treni nyingi kuliko solda mbaya.

Kwanza, hakikisha ulichofanya ndicho kilichotakiwa

Vichwa vya dijitali vinavyofuata rangi za kawaida vina waya mwekundu unaotoka magurudumu ya kulia na mweusi unaotoka ya kushoto. Waya wa rangi ya chungwa na wa kijivu huenda kwenye mota. Mweupe ni wa taa ya mbele, wa njano ni wa taa ya nyuma, na wa bluu ni chanya ya pamoja ya taa zote. Ukishaondoa bodi, mwekundu unaunganishwa na wa chungwa, mweusi na wa kijivu, basi. Ule wa bluu unauacha ukiwa umefungwa tepu mpaka ufike kwenye suala la taa. Ukikuta soketi ya matundu manane, tundu namba 8 (mwekundu) linaungwa na namba 1 (chungwa), na namba 4 (mweusi) na namba 5 (kijivu). Huhitaji hata kukata waya.

Rangi hizo si sheria kwa kila kiwanda, hasa kwenye midoli ya bei nafuu. Piga picha kwa simu kabla ya kukata chochote, na bodi usiitupe hata kama imekufa. Maandishi yaliyo pembeni mwa kila waya yatakusaidia siku nyingine.

Kuna treni ambazo maelezo haya hayazihusu. Pindua kichwa uangalie tumbo. Ukiona ulimi mrefu wa chuma katikati, ukikimbia kwa urefu kati ya magurudumu, hicho ni cha mfumo wa reli tatu, na Märklin ya Ujerumani ndiyo inayojulikana zaidi kwa mfumo huo. Vya zamani vya aina hiyo hutumia umeme wa AC na mota yenye koili badala ya sumaku, na magurudumu yake ya kulia na kushoto yameungana kwa umeme. Ukikiweka kwenye reli za kawaida mbili za DC kinapiga shoti papo hapo. Hicho peleka kwa mtu anayeijua kazi yake.

Kipimo cha betri ya volti 9

Kabla ya dalili yoyote, tafuta betri ya volti 9, ile ya mraba ya kwenye kengele za moshi na maikrofoni, na nyaya mbili. Kipimo hiki kinagawa treni vipande vitatu na kukuambia kosa liko kipande gani.

Gusa nyaya za betri kwenye miguu miwili ya mota yenyewe. Ikizunguka, mota ni nzima. Kisha gusa pale bodi ilipokuwa, kwenye maungio yako mapya. Mwisho gusa magurudumu, waya mmoja gurudumu la kulia, mwingine la kushoto, kichwa kikiwa kimelala chali juu ya taulo. Mota ikizunguka hatua ya kwanza lakini ikagoma hatua ya tatu, kosa limo ndani ya kichwa, kati ya gurudumu na mota. Adapta haihusiki, usipoteze muda kuibadilisha. Ikizunguka hatua zote tatu, funga gamba, kosa liko nje: relini, kwenye swichi, kidhibiti cha mwendo au adapta.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu watu wengi hununua kwanza, wakapima baadaye.

"Kimekufa kabisa, hata kutikisika hakitikisiki"

Anza na uchafu. Pitisha kitambaa cheupe cha pamba chenye spiriti juu ya reli. Kikitoka na mstari mweusi, umepata mtuhumiwa wa kwanza. Fanya hivyo hivyo kwa magurudumu yote, ukiyazungusha kwa kidole. Zile rangi za kahawia zilizoganda kwenye gurudumu si rangi ya kiwandani, ni mchanganyiko wa vumbi na mafuta, na umeme haupiti hapo. Ulioganda sana unakwanguliwa kwa kijiti cha mbao au ukucha wa plastiki.

Tafadhali usitumie stili waya ya kuoshea sufuria. Inang'arisha reli vizuri sana, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini inaacha vinyweleo vya chuma ambavyo sumaku ya mota huvivuta ndani, na mota inapiga shoti ikiwa inatembea. Msasa nao unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu haraka zaidi kuliko mwanzo. Petroli na thina vinayeyusha plastiki.

Cha pili ni vibati vya kuchukulia umeme, yale majani membamba ya shaba yanayogusa mgongo wa gurudumu. Ulipokuwa unarudisha gamba au magurudumu, mojawapo huenda limepinda na halifiki tena. Ukitazama kwa karibu utaona mwanga ukipita kati ya kibati na gurudumu. Likunje taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo mpaka liguse kwa wepesi. Likibana sana linakuwa breki.

Kisha solda. Ungio zuri linang'aa na kuenea kama tone lililolowanisha waya. Bovu ni donge la kijivu lililokaa juu, na ukilivuta waya unatoka. Lipashe tena, ongeza solda kidogo, uache lipoe bila kulitikisa.

Mwisho ni mota. Kama imegoma kwenye betri ya volti 9, pima miguu yake kwa mita kwenye omu, nyaya zikiwa zimetenganishwa na kila kitu. Mota nyingi ndogo za treni zitaonyesha makumi kadhaa ya omu au chini kidogo ya hapo, na namba itacheza ukizungusha shafti kwa kidole. Isipoonyesha chochote, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha au hazigusi. Ikionyesha karibu na sifuri, koili imeungua na mota ni ya kubadilisha. Kaboni zinazofunguka kwa skrubu au kifuniko unaweza kubadilisha mwenyewe. Mota iliyofungwa kwa kubanwa bati usiifungue kama hujawahi. Chemchemi zake zikiruka sakafuni huzioni tena.

"Nikikiweka tu relini, adapta inazima"

Hii ni shoti, na ni dalili ya kuheshimu. Kama adapta yako haina kinga ya kuzima yenyewe, badala ya kuzima itachemsha nyaya. Chaja ya laptop ya volti 19 ina uwezo wa ampea tatu hadi nne na zaidi, na hiyo inatosha kuyeyusha waya mwembamba wa ndani ya kichwa kabla hujasema lolote. Weka fyuzi kwenye waya mmoja unaokwenda relini: ampea 1 kwa treni ndogo za reli ya milimita 16.5 (upana kati ya reli mbili), ampea 2 au 3 kwa zile kubwa za bustani, zinazotembezwa nje uani. Fyuzi ya kioo ya aina ya redio ni bei ndogo sana.

Ondoa kichwa relini kwanza. Shoti ikibaki, iko relini au kwenye swichi: tafuta skrubu iliyoanguka, kipande cha waya, au bisibisi uliyoiacha imelala juu ya reli mbili. Swichi ya miguu sita ya mbele na nyuma ndiyo mshukiwa anayefuata. Miguu miwili ya katikati ndiyo inayokwenda relini, umeme unaingia kwenye miguu miwili ya upande mmoja, na nyaya mbili zinavuka kwa alama ya X kwenda miguu ya upande wa pili. Nyaya hizo zikienda sambamba bila kuvuka, swichi haigeuzi chochote. Chanya na hasi zikikutana kwenye mguu mmoja, unapata shoti, swichi iwe upande wowote.

Shoti ikija na kichwa chenyewe, mara nyingi ni hivi: seti ya magurudumu ya mbele na ya nyuma zimeungwa kinyume, waya wa kulia wa mbele umefungwa na wa kushoto wa nyuma. Fuata kila waya kwa kidole hadi gurudumu lake, usiamini rangi. Sababu ya pili ni ekseli iliyorudishwa kichwachini baada ya kusafishwa. Kwenye vichwa vingine gurudumu moja tu ndilo lililotengwa kwa plastiki, na ukiigeuza ekseli unaunganisha reli mbili kwa chuma.

Ya tatu inawapata hasa wenye vichwa vizito vya zamani vya chasisi ya chuma. Mguu mmoja wa mota unagusa chasisi, na chasisi yenyewe inabeba umeme wa reli moja. Kwa mota ya zamani ya DC hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuunganisha. Wewe ukiunga mguu huo huo na reli ya pili, umeshapiga shoti. Pima kwa mita kati ya kila mguu wa mota na chasisi. Ukikuta mguu unaogusa, uungane na reli ya upande wa chasisi, ama mota itengwe kwa karatasi ngumu na skrubu za plastiki.

"Inavuma, inapata joto, lakini haisogei"

Zima. Mota iliyosimama huku ikipewa umeme inakula mkondo mkubwa kuliko ikiwa inazunguka, na varnishi ya koili inaanza kuungua ndani ya muda mfupi.

Kwa vichwa vikubwa vya bustani, chanzo cha kwanza ni mota mbili kupigana. Vichwa hivyo mara nyingi vina mota mbele na nyuma, zimefungwa zikiangaliana, na bodi ndiyo iliyokuwa inajua kuzipatanisha. Ukiziunga kwa rangi zinazofanana, moja inavuta kwenda mbele, nyingine kurudi nyuma. Kinyanyue kichwa na ukipe umeme kidogo, uone magurudumu ya pande zote mbili yanazunguka wapi. Yakipingana, geuza nyaya mbili za mota moja tu.

(Reli za hizo treni za bustani ni milimita 45. Kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 hiyo ni karibu sawa na mita moja, yaani upana wa Reli ya Kati ya zamani iliyofika Dodoma mwaka 1910. Anayetaka mfano wa treni iliyokuwa ikiwapeleka wazee wetu Tabora na Kigoma, hiyo ndiyo saizi yake. SGR ni milimita 1435, habari nyingine.)

Chanzo cha pili ni skrubu ndefu. Gamba lina skrubu za urefu tofauti, na ndefu ikirudishwa tundu la fupi inasukuma gia au shafti. Legeza skrubu zote robo mzunguko. Kichwa kikianza kutembea, umeipata. Tatu, angalia ekseli: nywele na nyuzi za zulia hujizungusha hapo mpaka zinakuwa kamba. Zikate kwa wembe, usizivute. Nne ni grisi ya zamani iliyoganda. Isugue kwa mswaki wa zamani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi na grisi nyepesi kidogo kwenye gia. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi.

Kama kichwa kiko kwenye reli zinazolishwa na mtambo wa dijitali, kwa mfano umekipeleka kwa rafiki mwenye mtambo kamili, kiondoe haraka. Umeme wa dijitali unageuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde. Mota isiyo na bodi inavuma mahali pamoja mpaka inaungua.

"Inatembea kwa kushtukashtuka"

Rudi kwenye uchafu, safari hii kwa subira. Watu wengi husema treni ilikuwa ikienda vizuri kabla ya kung'oa bodi, na mara nyingi wanasema kweli. Baadhi ya bodi huwa na kapasita inayobeba umeme wa kuvusha kichwa mahali pachafu. Ukiiondoa bodi, kasoro za reli ambazo zilikuwa zimefichwa zinajitokeza zote.

Angalia kama inashtuka mahali pale pale kila mzunguko. Kama ndivyo, kosa ni la reli. Kiunganishi cha reli kimelegea au kimeota kutu ya kijani. Kibane kwa koleo, au unga waya mfupi kwa solda kutoka reli hadi reli, kazi ambayo itadumu. Kwa waliotandika reli nje uani kuna jambo la ziada: shaba nyeupe inatanuka kwa joto, na mzunguko wa mita 10 unaweza kuongezeka karibu milimita 4 kati ya asubuhi ya baridi ya Julai na jua la saa nane, joto likipanda nyuzi 20. Usizibane reli zote mpaka mwisho. Acha nafasi ndogo kwenye maungio kadhaa, na hapo ndipo ule waya wa kuvusha umeme unapohitajika.

Ikishtuka kila mahali kwa mpigo unaolingana, tak, tak, tak, kadiri magurudumu yanavyozunguka, hiyo ni gia iliyopasuka. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, kati ya jino na jino, pale plastiki inapokumbatia ekseli. Tumia kamera ya simu, vuta karibu, zungusha gurudumu polepole uone mahali jino moja limeachana na mwenzake zaidi ya mengine. Supa gluu haishiki vizuri kwenye plastiki ya nailoni ya gia hizo. Itaachia baada ya mzigo kidogo. Dawa ni gia mpya au ekseli nzima.

Ikishtuka bila mpangilio na uchafu haupo, ongeza vibati vya kuchukulia umeme kwenye magurudumu ambayo hayana. Kichwa kifupi cha magurudumu manne kinafaidika sana.

"Haina mwendo wa polepole: inakaa, halafu inaruka"

Hapa ndipo urahisi wa mfumo mpya unapolipiwa. Bodi ya dijitali ilikuwa inajua kuanzisha mota taratibu. Sasa kazi hiyo ni ya kidhibiti chako, na watu hukosea kwenye kukichagua.

Kosa la kawaida kabisa ni voliumu ya redio iliyoungwa moja kwa moja kati ya adapta na reli. Voliumu ile imetengenezwa kubeba sehemu ndogo ya wati moja. Mota ya treni inavuta zaidi, kwa hiyo ndani yake mstari wa kaboni unaungua pale ulipoizungushia, kinatoka kiharufu, na baada ya hapo treni ina mwendo wa aina mbili tu: sifuri na wote. Hakuna matengenezo hapo. Itoe.

Wengine hutumia rezista kubwa ya waya ya kuzungusha, ya wati 25 na kuendelea. Hiyo inabeba, ni njia ya zamani inayoheshimika, lakini ina tabia yake: volti zinazofika kwenye mota hutegemea mkondo inaouvuta. Mota ikitaka kuanza inavuta mkondo mwingi, rezista inakula volti, kichwa kinagoma. Unaongeza, kinajinasua, mkondo unapungua, volti zinapanda na treni inaruka. Ukiweka mabehewa mengi tatizo linaongezeka. Kama ndicho ulichonacho, ishi nacho. Kama unanunua, usinunue hicho.

Aisi ya LM317, kipande kidogo cha elektroniki cha kurekebisha volti, inatoa volti thabiti kuanzia 1.25, hadi ampea 1.5, na mota inaanza kwa ustaarabu zaidi. Ila inageuza volti za ziada kuwa joto. Ukiipa volti 19 na treni inataka volti 6 kwa nusu ampea, wati 6.5 zinaishia kwenye aisi, na bila bati pana la kupozea itajizima yenyewe, ipoe, iwake tena. Treni inayosimama baada ya dakika chache na kuendelea yenyewe baada ya kupumzika, gusa bati la LM317 kwa tahadhari kabla ya kulaumu mota.

Ninachopendekeza mimi ni kidhibiti cha PWM cha DC, kile kiboksi kidogo chenye voliumu kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki na sola. Kinawasha na kuzima umeme haraka sana, na kila msukumo unakuja na volti zote, kama unavyosukuma bembea kwa misukumo midogo badala ya kuiegemea. Kwa hiyo mota inatambaa hata kwa mwendo wa chini. Hitilafu zake ni mbili. Kichwa kikilia mluzi mwembamba kwenye mwendo mdogo, kidhibiti chako kina masafa ya chini. Si hatari kwa mota ya kawaida yenye kiini cha chuma, lakini mota ndogo zisizo na kiini cha chuma, zinazopatikana kwenye baadhi ya vichwa vya gharama, hupata joto kwa masafa hayo. Hizo zinataka kidhibiti cha kilohezi 20 hivi au zaidi. Ya pili ni kusahau kwamba voliumu ikifika mwisho, mota inapata volti zote za adapta. Kwa treni ya milimita 16.5 tumia adapta ya volti 12, usitumie ya volti 19 kwa ahadi kwamba hutaizungusha hadi mwisho. Mtoto ataizungusha.

Swichi ya mbele na nyuma ikae baada ya kidhibiti, upande wa reli, na igeuzwe treni ikiwa imesimama. Kugeuza ghafla ikiwa kasi kunavunja meno ya gia.

"Mbele imekuwa nyuma"

Kwa kawaida reli ya kulia ikiwa chanya, kichwa kinaenda mbele. Chako kikienda kinyume, geuza nyaya za mota. Treni za bustani za baadhi ya viwanda zimejengwa kinyume cha kanuni hiyo, kwa hiyo kama una kimoja tu usijisumbue.

"Taa zimeungua" au "zinawaka upande mmoja"

Taa zilikuwa zikilishwa na bodi kwa volti ilizozichagua yenyewe. Ukiziunga moja kwa moja na reli, balbu ndogo ya volti 5 inakufa mara moja. LED bila rezista inakufa kabla hujaiona ikiwaka.

Hesabu yake ni fupi: volti za reli toa volti 3 za LED nyeupe, gawanya kwa mkondo. Kwa volti 12 na miliampea 15 unapata omu 600, chukua 680. Kwa volti 18 na miliampea 10 ni omu 1500. Kila LED na rezista yake.

Kuwaka upande mmoja si kosa. LED inapitisha umeme njia moja, na ndiyo njia rahisi ya kufanya taa ya mbele iwake ikienda mbele na ya nyuma ikirudi. Ila ipe dayodi ya 1N4148 mfululizo, kwa sababu LED haivumilii volti nyingi za kinyume. Taa zikimeta kwa mwendo mdogo kwenye PWM, ndivyo zilivyo.

"Nimeweka betri ndani, inazima njiani"

Kwa vumbi letu, betri na rimoti ndani ya kichwa kikubwa ni wazo zuri, maana reli inabaki kuwa njia tu. Kikizima kila kinapoanza kuvuta mzigo na kuwaka tena, betri imechoka au nyaya ni nyembamba: volti zinashuka, kipokezi cha rimoti kinajizima. Pima volti za betri wakati mota inaanza, siyo ikiwa imepumzika. Rimoti ikipotea ukiwa karibu, mota inapiga kelele za umeme. Funga kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya miguu miwili ya mota, na uhamishe antena mbali nayo na mbali na chuma.

Sasa onyo. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye betri ya zamani ya laptop zimekuwa za kawaida mitaani. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, tatu mfululizo ni 12.6, na haziruhusiwi kuchajiwa bila bodi ya kinga na chaja yake halisi. Usizipige solda moja kwa moja, joto linaharibu ndani. Seli iliyovimba, inayonuka utamu wa kemikali au iliyobonyea haitengenezwi wala haitobolewi. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na uachane nayo. Usichaji ukiwa umelala. Kama huna uhakika, pakiti ya betri za NiMH (nikeli) ya seli 10, volti 12, ni nzito kidogo lakini haina vituko hivyo.

Mahali pa kuacha bisibisi

Usifungue adapta inayochomekwa ukutani. Ndani kuna volti 230, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Adapta iliyopasuka, inayonguruma au yenye waya uliochubuka inabadilishwa.

Moshi ukitoka, chomoa ukutani kwanza, kichwa baadaye. Mota iliyonuka kuungua usiipe umeme tena "kuona kama bado".

Kama tatizo ni solda kwenye soketi ndogo au njia ya shaba iliyonyofoka, fundi simu ana mkono na vifaa vizuri kuliko fundi redio wengi. Mwombe akufanyie ungio hilo moja tu, mota usimwachie. Mota ya kusukwa upya ni ya fundi wa mota ndogo. Na kichwa cha zamani chenye boksi lake na karatasi zake, kabla ya kukata waya wowote uliza thamani yake, maana mkusanyaji anaweza kukitaka na bodi yake mbovu ikiwa ndani.

Ukienda kwa fundi, beba kichwa, kipande cha reli, kidhibiti, adapta ile ile unayotumia nyumbani, na bodi uliyoing'oa. Mwambie pia betri ya volti 9 iligoma hatua ipi.